Moto wa Bi Mwamvita na Miwani Mbili

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yenyewe si ya Mjerumani, ni zamani ya juzi tu, umeme ulikuwa ukikatika kama unavyokatika leo, palikuwa na mwanamke katika mji wa Kibambasi, Uzaramoni, akiitwa Bi Mwamvita binti Pazi. Alikuwa kungwi. Hakuna mwali aliyechezwa Kibambasi bila yeye, na hakuna bibi harusi aliyetoka ndani kabla Bi Mwamvita hajamfunga kanga kwa mikono yake. Alijua kanga ya msibani inafungwa vipi, na ya kumnunia jirani inafungwa vipi, na ya kumwomba mume radhi bila kufungua mdomo inafungwa vipi. Wanaume walimwogopa, wanawake walimwogopa zaidi.

Siku moja akapatwa na mkanda wa jeshi. Malengelenge yakamzunguka ubavu wa kushoto, kuanzia chini ya ziwa mpaka kwenye uti wa mgongo. Yakaiva, yakapasuka, yakakauka. Watu wakamwambia pole, kisha wakamwambia hongera, umepona. Kumbe malengelenge yamekwenda na moto umebaki. Ngozi ukiitazama haina kitu, lakini kanga ikigusa tu, Bi Mwamvita anaruka kama aliyemwagiwa mafuta ya kukaangia maandazi. Kungwi asiyeweza kuvaa kanga. Hebu semeni wenyewe.

Akawa anavaa dera pana, na upande mmoja ameliinua kwa mkono kama mtu anayevuka dimbwi. Alikuwa na mjukuu, mtoto wa mwanawe Shomari, aitwaye Mwamvita kama bibi yake. Mtoto akimwona bibi hunyoosha mikono abebwe. Bibi hurudi nyuma. Mtoto hulia, na bibi huingia chumbani kulia kivyake. Hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote.

Alikwenda zahanati. Tabibu akatazama ubavu, akasema, "Mama, hapa pamepona." Akampa panadoli. Alikwenda kwa mganga wa miti shamba. Mganga akamchanja chale juu ya moto ule ule. Alipewa kombe, akapewa mafuta ya nyoka, akapewa ushauri na kila aliyepita mbele ya nyumba, kwa kuwa ushauri hauna ushuru. Wasiokuwa na ushauri walisema anajidekeza. Maradhi yasiyo na kidonda, nani atayaonea huruma?

Basi siku ya kumtoa mwali mmoja nje, ngoma imekolea, kanga ya mwali ikapeperuka ikamgusa Bi Mwamvita ubavuni. Akapiga magoti mbele ya watu. Alipoinuka, akanyamazisha ngoma.

"Sikilizeni, wanawake wenzangu. Atakayenizimia moto huu, awe mkubwa awe mdogo, awe wa kwetu awe wa kuja, huyo ndiye atakayempa jina mjukuu wangu aliyemo tumboni mwa Nasra. Nitamtaja mbele yenu, na nitasema alichofanya. Nisipotimiza, moto na unirudie mara mbili."

Vigelegele vikapigwa. Lakini Nasra, mkaza mwana wake, aliyekuwa kwenye masufuria akipakua pilau, aliacha mwiko akashika tumbo. Mtoto wa kwanza alikuwa ameshachukua jina la mama mkwe. Huyu wa pili Nasra alimwekea jina la marehemu mama yake, Somoe, na mumewe Shomari alikuwa amekwisha kukubali, japo kwa sauti ndogo, kwa sababu Shomari hana sauti nyingine. Sasa jina limenadiwa kwenye ngoma. Nasra akaokota mwiko, akaendelea kupakua.

Wewe uliyekaa mlangoni, usikohoe. Bado hatujafika pa kukohoa.

Ndipo akaja Daktari Mrutu. Alitoka makao makuu ya utafiti na tai shingoni na mashine ndani ya sanduku, akapewa chumba katika hospitali ya pale, chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Bi Mwamvita akaenda, dera mkononi.

"Mama," daktari akasema, "ubavu wako umepona zamani. Kilichobaki kiko kichwani. Mishipa ya fahamu iliungua, ikapeleka kelele kwenye ubongo. Mishipa imeshanyamaza, ubongo haujanyamaza. Ni kama mlinzi aliyemwona mwizi mara moja. Sasa hata paka akipita, anapuliza filimbi. Sisi tunamtuliza huyo mlinzi. Hatupasui, hatuchomi sindano. Ni sumaku tu, inapita juu ya kichwa."

"Ubavu uniume, unishike kichwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na ningeumwa kichwa, ungenishika wapi?"

Daktari akacheka kidogo, kicheko cha wasomi, kile kisichofika machoni. Akaonyesha vifaa vyake. Ukutani palikuwa na misumari miwili, mmoja karibu na mlango na mmoja karibu na dirisha, na kila msumari umetundikwa kitu cha duara mbili zilizoshikana. Nesi aliviita miwani, na miwani vikaitwa. Ukiitazama miwani ya mlangoni na miwani ya dirishani, huoni tofauti hata kwa dawa.

"Moja ina nguvu," daktari akasema. "Nyingine inalia tu, haina kitu. Kila mgonjwa anapigiwa kura atumie ipi. Mimi mwenyewe sijui yenye nguvu ni ipi. Wanajua maprofesa makao makuu. Mwisho tutalinganisha, ndivyo sayansi inavyotafuta ukweli."

Bi Mwamvita hakusikia hayo. Ubavu ulikuwa ukimwaka na macho yalikuwa kwenye ile tai. Aliyesikia ni mgonjwa mwenzake, Mzee Kibwana, fundi cherehani, ambaye kisukari kilimwachia moto kwenye nyayo mpaka akashindwa kukanyaga pedali.

"Yaani mnatafuta ukweli kwa danganya toto?" Mzee Kibwana akauliza.

"Kwa utaratibu, mzee."

"Haya, kama ni kwa utaratibu."

Kura ikapigwa. Bi Mwamvita akaangukia miwani ya mlangoni, Mzee Kibwana ya dirishani.

Tiba yenyewe ilikuwa hivi. Bi Mwamvita alikaa kitini, akavua vipini na hereni, maana sumaku na chuma havikai pamoja. Nesi akamvua ushungi, akamvika kofia ya kitambaa. Daktari akachukua kifaa kidogo cha kupimia, akakitembeza kichwani, na kilipofika mahali fulani kidole gumba cha Bi Mwamvita kikaruka chenyewe. Hapo daktari akatia alama ya wino juu ya kofia. Tangu siku hiyo, kila asubuhi isipokuwa Jumamosi na Jumapili, miwani iliwekwa juu ya alama ile, ikalia ta-ta-ta-ta kama kigogota anayetoboa mti, Bi Mwamvita ameshika mikono ya kiti na kumtaja Mola wake.

Juma la kwanza likaisha, moto uko pale pale. Lakini mji ulikuwa umeshapona umbea wa zamani na kupata mpya. Bi Mwamvita anagongwa kichwa. Bi Mwamvita amerukwa na akili. Kungwi gani huyo wa kukabidhiwa watoto wa watu? Mama mmoja, ambaye yeye mwenyewe alichezwa na Bi Mwamvita, akampeleka binti yake kwa kungwi wa kata ya pili. Habari zikamfika Bi Mwamvita akiwa anachambua mchele. Akasukuma ungo.

"Siendi tena. Heri niungue na heshima yangu."

"Mama, daktari alisema isikatishwe," Nasra akasema.

"Daktari ana tai. Mimi nina jina. Akinivunjia jina, atanipa tai yake?"

Nasra akauvuta ungo, akamalizia mchele. Jioni alikwenda kisimani, akawakuta wanawake wote pale, na ndoo zimejaa lakini hakuna anayeondoka, maana maneno bado. Akajitwisha ndoo yake, na lile tumbo lake mbele, akasema, "Jamani, msimseme mama mkwe. Mgonjwa wa kichwa ni mimi. Mimba hii imenipanda kichwani. Yeye ananisindikiza tu."

Kabla ndoo haijafika nyumbani, habari ilikuwa imeshamtangulia. Kesho yake wanawake wakaja kwa Bi Mwamvita na sukari na vitumbua kumpa pole kwa mtihani wa kupata mkaza mwana mwenda wazimu. Na Bi Mwamvita je? Hapa ndipo nisipompenda. Alishusha pumzi, akatazama chini, akasema, "Ndiyo majaribu ya dunia. Nitamtupa wapi, naye ni mke wa mwanangu?" Vitumbua akavila. Kesho yake akarudi kitini, kichwa juu, Nasra nyuma yake, na njiani watoto walimkimbia Nasra.

Sasa yuko mtu mmoja sijamtaja, na kumtaja kwenyewe kunanipa taabu. Ni Mihayo Kasanda, Mnyamwezi, muuza asali. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na utani wao mnaujua. Mtani atakuja msibani kwako alale kwenye jeneza, atachukua kofia yako kichwani auze, nawe huruhusiwi kukasirika. Mihayo aliuza asali pale hospitalini, na tangu alipomwona Bi Mwamvita amevaa kofia yenye alama ya wino, biashara ilisimama. Kila siku alikuja kuchungulia.

"Wazaramo mnachimbwa vichwa siku hizi? Daktari, ukikuta kitu humo ndani niite, nami nishuhudie."

Asubuhi moja, siku chache baada ya vile vitumbua, daktari alikuwa nje akizungumza na simu, nesi anaonja asali, na Bi Mwamvita kitini ameelekea ukuta. Akasikia hatua za Mihayo nyuma yake.

"Mnyamwezi, usiguse vitu vya watu."

"Mtani ukimwambia asiguse, umemwambia ashike," Mihayo akajibu. Kisha Bi Mwamvita akamsikia akicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeficha kiatu cha mwenzake. Hakugeuka. Daktari akaingia, akachukua miwani ya mlangoni, ta-ta-ta-ta ikaanza.

Baada ya hapo moto ukaanza kushuka. Haukuzimika kwa mara moja. Ulishuka kama jiko la mkaa lililosahauliwa. Kwanza dera likashushwa. Kisha akalalia ubavu wa kushoto, akaamka na kushangaa. Hata asubuhi moja akatoka kufagia uani, na alipofika katikati ya uwanja akajitazama, akaona amefunga kanga. Ameifunga mwenyewe, kifuani, barabara, bila kufikiri. Akasimama na ufagio wake. Mwamvita mdogo akaja mbio, akanyoosha mikono kwa mazoea, akijua atakataliwa. Bibi akainama, akambeba, akamlaza pale pale ubavuni kwenye moto. Hapakuwa na moto. Bi Mwamvita, aliyewaliza mabibi harusi wote wa Kibambasi, akalia mpaka mtoto akamfuta machozi kwa pindo la ile kanga.

Nasra akajifungua mtoto wa kike. Siku ya akika ikafika. Mbuzi akachinjwa, masufuria yakapandishwa, uwanja ukajaa wanawake wakingoja jina, maana nadhiri hakuna aliyeisahau. Na ndani, katika chumba cha Bi Mwamvita, palikuwa na watu wanne mbele yake.

Daktari Mrutu alikuja na sanduku lake, kwa kuwa siku hiyo hiyo mashine ilikuwa inarudi makao makuu. Maprofesa walikuwa wamempigia simu.

"Mama, nina habari ya ajabu," akasema. "Miwani ya mlangoni ndiyo iliyokuwa danganya toto. Haina nguvu hata kidogo. Umepona kwa imani tu."

Mihayo, aliyekuja kula pilau ya watani, akaangua kicheko mpaka akajishika kwenye kabati.

"Imani ya nani? Mimi nilizihamisha. Ya dirishani nikaitundika mlangoni, ya mlangoni nikaipeleka dirishani. Nilitaka nione kama msomi atajua. Hakujua."

Daktari uso ukamshuka. Akafungua sanduku, akatoa ile iliyokutwa mwisho kwenye msumari wa mlangoni, akaiunganisha, akaongeza nguvu, akajiwekea mwenyewe kichwani. Ta, ikalia. Kidole gumba cha daktari kikaruka mbele ya watu wote. Akajaribu ile nyingine. Ikalia ta, kidole kimelala kama samaki wa mnadani. Basi, ukweli ukapatikana, na bila utaratibu.

Daktari akatengeneza tai, akasema, "Vyema. Kwa hiyo ni mashine yangu. Bila mimi, moto ungekuwa unawaka. Nani aliyejua kwamba ubavu unatibiwa kichwani? Nani aliyepata mahali penyewe akatia alama? Mtoto nitampa jina la profesa wangu, na tutapiga picha."

"Bila mimi, moto ungekuwa unawaka," Mihayo akasema. "Wewe ulimpigia kura akaangukia debe tupu, na ungemgonga na debe tupu mpaka leo. Mkono uliomletea nguvu ni huu, wenye asali. Sikukusudia wema, nakubali. Nilikusudia kucheka. Lakini embe likikuangukia, huliulizi lilikuwa linakwenda wapi. Mtoto ataitwa Sumaku."

Nasra alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mtoto kifuani. Hakuinua sauti.

"Bila mimi, moto ungekuwa unawaka. Mashine ilikuwepo, nawe mama ulikuwa jikoni umeapa kutorudi. Nilikupa akili yangu ukaivaa, nikabaki na wazimu wako. Mpaka leo nikipita, watoto wanakimbia, na wewe hujawaambia kitu. Jina ninalo. Ni Somoe. Ni mama yangu, na mtoto ni wangu."

Bi Mwamvita akatazama sakafu. Alitaka kusema kwamba hata yeye ana haki, maana aliyekaa kwenye kile kiti na kumtaja Mola ni nani? Lakini maneno hayo, hata yeye aliona, yalikuwa na harufu ya vile vitumbua.

Akafanya hesabu yake kimoyomoyo, kwa kuwa kungwi ni kungwi. Akimtaja daktari, wanawake watauliza daktari wa nini, na itajulikana kichwa kilichogongwa ni cha nani. Akimtaja Nasra, itabidi aseme alichofanya, na ukungwi wake utaishia hapo hapo uwanjani. Akimtaja Mihayo, watu watacheka, utani ni utani, hakuna atakayeuliza kitu. Lakini mjukuu ataitwa Sumaku mpaka kaburini. Na ile nadhiri ilikuwa na mkia wake: akimtaja asiyestahili, moto unarudi mara mbili.

Wa nne alikuwa Mzee Kibwana. Alikuja kwa heshima ya akika, ameacha viatu nje, anakanyaga kwa kingo za nyayo kama mtu anayepita juu ya makaa. Alikuwa amesikiliza yote. Daktari ndiye wa kwanza kumkumbuka, akageuka, akasema, "Mzee, kumbe wewe ndiye..."

"Mimi ndiye wa dirishani," Mzee Kibwana akasema. "Nguvu ilikuwa yangu kwa kura. Tangu zihamishwe nimegongwa kichwa na debe tupu kila asubuhi, na kila asubuhi nimesema asante. Daktari, hiyo mashine si iko hapo? Nikae kitini?"

"Utafiti umefungwa, mzee. Gari la kuichukua liko nje."

"Haya, kama ni kwa utaratibu." Akamgeukia Bi Mwamvita. "Dada, mimi sidai jina, wala sikuonei wivu. Umembeba mjukuu, nami nimefurahi. Nauliza tu. Moto wako umezimwa kwa maji yangu, na wangu utazimwa kwa maji ya nani?"

Mihayo alikuwa ameacha kucheka. Nje wanawake walikuwa wameanza kuimba, wakiliita jina litoke.

Bi Mwamvita akanyoosha mikono, Nasra akampa mtoto. Akamlaza ubavu wa kushoto, juu ya kanga, pale pale. Mtoto akatulia. Bi Mwamvita akasikia joto. Hakujua kama ni joto la mtoto au ni moto umeanza kurudi. Akaufungua mlango, nyimbo zikakatika, wanawake wote wakamtazama mdomoni.

Mimi hapo ndipo nilipomwacha, amesimama kizingitini na mtoto asiye na jina, na ninyi mmemaliza karanga zangu kwa hiyo sasa mtafanya kazi. Yuko daktari aliyeileta dawa akaipigia kura. Yuko mtani aliyeihamisha kwa kutaka kucheka. Yuko mkaza mwana aliyejivika wazimu usio wake. Na yuko fundi ambaye dawa ilikuwa yake, na hakuulizwa. Mpisheni kwanza Mzee Kibwana akae, kusimama kunamwunguza. Kisha mniambie, tena upesi, mtoto analia: ni nani kati yao mwenye haki ya kumpa jina?